Mbuzi Aliyefungwa Langoni

Garissa,
12 Machi 2025

Kwako dada yangu Mulki,

Assalamu alaikum. Natumaini Ramadhani inawaendea vizuri hapo Habaswein, na kwamba bibi yetu Ayeeyo anakubali kufungua saumu yake kabla ya kumaliza kuwagawia majirani tende. Nisalimie shemeji Alio na watoto, Idman na Nimo. Mimi ni mzima. Joto la hapa ni lile lile, ila chumba nilichopanga kina dirisha upande wa mto, na alfajiri hupata upepo kidogo.

Utashangaa kupata barua mkononi mwa dereva wa basi wakati nina simu. Lakini simu ya nyumbani unajua ilivyo. Ayeeyo huipokea yeye kwanza, huiweka kwenye sauti kubwa, na kabla sijatamka neno la pili watu watano wameshanijibu. Nikituma ujumbe wa kuandika, Idman huusoma mbele ya wageni kama habari za redio. Kuna mambo nataka kukwambia wewe peke yako. Najua wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Nakuomba tu usinirudishie barua hii ikiwa na kalamu nyekundu.

Jambo lenyewe ni hili. Jana Ayeeyo alinipigia kunijulisha kwamba Idd hii familia itakuja kutembea hapa kazini kwangu. Hakuniuliza. Nilifurahi, wallahi, na hapo hapo nikaanza kuhesabu yanayoweza kuharibika.

Bustani yetu ya wanyama ni ndogo. Tuna simba wawili walioletwa wakiwa wachanga, duma, fisi mwenye mguu mbovu, mbuni, na kobe wengi kuliko wanaohitajika. Mimi ni karani wa dirisha la tiketi, na vitu vyote vinavyoletwa langoni huvipokea mimi. Meneja wetu, Bwana Mwiti, ni mtu wa Meru, mpole, lakini haongei, na mtu asiyeongea hunitisha kuliko anayefoka. Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwezi wa sita. Mpaka hapo sitaki anikumbuke kwa lolote, liwe baya au zuri.

Sasa mfikirie Ayeeyo mbele ya simba. Mfikirie akimpa meneja ushauri.

Nakuomba mawili. Kwanza, uje nao, maana Ayeeyo hukusikiliza wewe peke yako. Pili, mwambie asije na kitu. Asibebe maziwa, asibebe nyama ya nyirinyiri, asibebe hata chupa ya chai. Wageni hawaruhusiwi kuingia na chakula, na anayesimamia sheria hiyo langoni ni mimi. Sijui nitamwambiaje bibi yangu mzazi afungue mkoba wake nitazame ndani.

Ndugu yako,
Abshir


Habaswein,
21 Machi 2025

Kwako ndugu yangu mwoga,

Waalaikum salaam. Barua yako ilifika ikiwa imekunjwa ndani ya kofia ya dereva, na jasho lake likiwa juu ya jina langu. Sote ni wazima. Ayeeyo anafunga na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi wanafunga huku wamelala. Nimo amefunga siku mbili kamili na nusu ya tatu, na anataka ujue.

Ujumbe wako nimeufikisha. Kwanza palikuwa na mjadala. Ayeeyo alisema amefukuza fisi usiku maisha yake yote na hakuna aliyemlipa. Leo iweje yeye ndiye alipe ili amwone? Alio akamwambia mshahara wa mjukuu wake unatoka kwenye tiketi hizo hizo. Alizungusha tasbihi yake, kisha akasema basi tutalipa wote, na Nimo asipunguziwe kwa sababu ya udogo.

Kuhusu kubeba vitu, aliuliza kama hata kwa mjukuu wake haruhusiwi. Nikamwambia kwamba ndani ya bustani hakuingizwi kitu, sheria ni sheria, na Abshir ataaibika. Akasema sawa, ndani hataingiza kitu. Alikubali haraka mno, lakini alikubali.

Mimi sitakuja. Nina mitihani ya mwisho wa muhula ya kusahihisha, rundo linafika kidevuni. Usinune. Alio atakuwepo, na Idman ameahidi kumshika Ayeeyo mkono asipite uzio.

Watafika siku ya tatu ya Idd, inshallah. Piga shati lako pasi.

Dada yako,
Mulki


Garissa,
4 Aprili 2025

Kwako abaayo, dada yangu Mulki,

Idd mubarak, ingawa imeshapita. Nakuandikia leo Ijumaa baada ya swala, nimekaa juu ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita mabega yangu yameshuka. Wamekuja, wamezunguka, wameondoka, na hakuna lililoharibika.

Naomba nikusimulie yote, kwa sababu najua Alio atakwambia maneno matatu tu.

Ayeeyo alilipa mwenyewe dirishani kwangu na kunitaka nimpe tiketi yake mkononi kama wengine. Wa kwanza kumtazama alikuwa fisi. Alisimama mbele yake muda mrefu, fimbo kifuani, kisha akamwambia kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mdeni wake sokoni, "Kwa hiyo umeishia hapa." Halafu akaniuliza kama analishwa kila siku. Nilipojibu ndiyo, alikasirika, akasema kuna wazee Habaswein wasiopata hivyo.

Kwa simba ndipo nilipoogopa. Walikuwa wamelala miguu juu, kama wanavyofanya mchana wote, na wageni wakawa wananung'unika. Ayeeyo akapiga makofi mawili, yale anayopiga mbuzi wakiingia kwenye shamba la mtu. Simba dume akaruka akasimama. Watu wote wakarudi nyuma isipokuwa yeye. Wakati huo huo nikamwona Bwana Mwiti anakuja na mikono nyuma.

Aliniuliza mama huyu ni nani. Nimo akamjibu, "Ni Ayeeyo wetu, na huyu ni karani wetu." Meneja akamsalimia kwa heshima. Ayeeyo naye akataka kujua ana mke, ana watoto wangapi, na kwa nini amewaacha Meru. Mimi nilitafsiri nusu tu, lakini Idman akamalizia nusu nyingine. Basi abaayo, Bwana Mwiti alicheka. Sikujua kwamba ana pengo.

Jioni twiga watatu walitoka porini, kama wanavyofanya mara nyingi, wakasimama nje ya uzio wakitutazama. Ayeeyo akauliza hawa hawajafungwa, wamefuata nini? Alio akasema wamekuja kuwaona waliolipa. Ayeeyo alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati wa kuagana alinishika mkono kwa muda, akaniambia nikitunze kilicho changu. Nilidhani anasema kazi. Nikamwahidi.

Baada ya gari lao kuondoka nilirudi dirishani kufunga. Nikakuta mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya nje ya lango, pale wachuuzi wanapofunga mbuzi wazee wanaotuuzia kwa ajili ya simba. Mwenyewe hakuwepo. Nilingoja kidogo, giza likawa linaingia, nami sipendi kukaa pale langoni gizani. Nikamwita Aketch, mtunzaji wa simba, ampeleke zizi la chakula pamoja na wengine. Mpaka leo hakuna aliyekuja kudai. Inaonekana kuna mchuuzi Garissa ambaye Idd ilimchanganya kichwa.

Nawashukuru sana. Mwambie Ayeeyo alinipa heshima.

Ndugu yako aliyetulia,
Abshir


Habaswein,
28 Aprili 2025

Kwako Abshir,

Assalamu alaikum. Barua yako ya tarehe nne nimeipata jana. Mvua imekata barabara sehemu mbili, na mlingoti wa simu umezimika kwa sababu dizeli ya jenereta yake imekwama upande wa pili wa maji pamoja na sukari na unga wetu. Hii ninampa mtu wa trekta anayevusha watu. Sijui itakufikia lini.

Sote ni wazima. Malisho yamekuja juu, alhamdulillahi.

Nilikuwa nasoma barua yako nikicheka peke yangu, mpaka nilipofika kwenye nguzo ya nje ya lango. Hapo niliiweka chini.

Abshir, yule mbuzi si wa mchuuzi. Ni wako. Ayeeyo alimbeba kwenye gari kutoka hapa, kwenye buti, na Alio akaapishwa asiseme. Unamjua bibi yako, zawadi haitoi kwa mdomo. Huiacha mahali mwenyewe ataikuta, kisha huondoka asishukuriwe mbele ya watu. Na kwa kuwa ulimkataza asiingize kitu ndani, alimfunga nje.

Na si mbuzi hivi hivi. Ni wa uzao wa mbuzi wako wa kitovu. Labda shule ya bweni ilikusahaulisha, kwa hiyo nakukumbusha. Kitovu chako kilipokauka na kudondoka, Ayeeyo alikifunga kwenye mkia wa mbuzi jike, na tangu siku hiyo mbuzi yule na wote watakaotoka tumboni mwake ni mali yako. Ndiyo xuddunxir yetu. Ukame wa mwaka 2022 ulimaliza wa kwangu, wa Idman na wa Nimo. Wa kwako alibaki mmoja, huyu mweupe mwenye ncha ya sikio iliyokatwa. Ayeeyo alimlisha maboksi yaliyolowekwa na majani ya paa. Alikuwa amemweka mpaka upate mshahara wako, akuletee. Hakuna mwingine wa uzao huo.

Tangu arudi anasubiri umtaje. Haulizi. Kila jioni huniuliza tu kama kuna salamu kutoka Garissa.

Niambie yuko hai.

Mulki


Garissa,
7 Mei 2025

Kwako abaayo,

Salamu zote kwa wote. Barua yako nimeipata leo saa nne asubuhi, na sasa ni saa saba.

Nilifunga dirisha la tiketi bila ruhusa na kwenda zizi la chakula. Nilikuwa sijawahi kufika huko. Huwa nawapokea wanyama langoni na kugeuza uso. Zizi lilikuwa tupu. Kulikuwa na samadi, ndoo iliyopinduliwa, na kamba. Nimeiangalia ile kamba muda mrefu bila kujua kama ndiyo yenyewe, kwa sababu siku ile sikumtazama mbuzi, seuze kamba. Simba walikuwa wamelala miguu juu. Nilishindwa kuwaangalia.

Wewe utasema nimuulize Aketch. Nimeshindwa. Nitamwambia nini? Kwamba karani aliye kwenye majaribio anadai mbuzi aliyepokelewa kwa ajili ya bustani kuwa ni mali yake, mwezi mzima baadaye? Kila mtu atasema nimeanza wizi, na Bwana Mwiti atanikumbuka.

Mimi nimesoma, abaayo. Najua mbuzi ni mbuzi. Lakini tangu asubuhi najishika kitovu kama mtoto.

Nimefikiri hivi. Soko la mifugo liko hapa hapa, na mbuzi weupe wamejaa. Nitatafuta wa umri huo, nitamkata ncha ya sikio, nitampeleka kwa fundi mmoja mwenye boma, na Ayeeyo akija nitamwonyesha. Nakuomba usimwambie chochote. Mwambie nimeleta salamu, nashukuru kwa zawadi, anakula vizuri.

Nijibu haraka. Usiku wa leo sitalala.

Abshir


Habaswein,
15 Mei 2025

Kwako Abshir,

Assalamu alaikum. Barabara imefunguka, mlingoti bado.

Usimnunue mbuzi yeyote. Unataka kumdanganya mwanamke anayemtambua mwanambuzi gizani kwa kumpapasa uso? Atakubali kwa mdomo, atakunywa chai yako, na hatakwambia neno kuhusu mbuzi maisha yake yote. Hilo ndilo litakalokuumiza. Salamu zako za uongo sikuzifikisha.

Sasa na mimi nina jambo. Sikubaki kwa sababu ya mitihani. Nina mimba. Sikusema kwa sababu ya zile mbili zilizotoka baada ya Nimo. Nilisema mapema kila mara, na kila mara nikalazimika kuwaambia watu tena. Safari hii nilimwambia Alio na Ayeeyo tu. Daktari wa Wajir alinikataza barabara hiyo ya mashimo. Nipo mwezi wa tano, na mtoto anacheza.

Siku Ayeeyo alipompakia yule mbuzi kwenye gari nilimwomba ambakize. Nilitaka mwanawe awe wa kitovu cha mtoto huyu, maana hakuna uzao mwingine uliobaki nyumbani. Akasema mbuzi ni wa Abshir, si wake wa kunipa. Akasema pia nisihofu, yumo mtoto tumboni mwa mbuzi huyo, na Abshir ndiye abti, mjomba. Abti haombwi, atatoa mwenyewe.

Kwa hiyo nadhani sasa unajua kwa nini niliiweka barua chini.

Mbuzi alikuwa na mimba, Abshir. Nenda kwa huyo Aketch. Usimwandikie. Muulize kwa mdomo.

Mulki


Garissa,
24 Mei 2025

Kwako mama mtarajiwa,

Yuko hai.

Nimeanza na hilo, salamu zitafuata. Yuko hai, amenenepa, na amenipiga pembe. Hongera kwa ulichoniambia. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Mungu akulinde. Nisamehe kwamba nilikuwa nakulilia mbuzi wakati wewe umebeba hayo.

Nilimwendea Aketch siku ile ile niliyopata barua yako. Alikuwa anaosha ndoo za nyama. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, lakini nilipofika nikasema tu, "Dada Aketch, yule mbuzi wa Idd, simba walimla?"

Alinitazama kuanzia viatu.

"Karani, yule mwenye tumbo kama ngoma?"

Nikasema ndiyo, ingawa tumbo lenyewe sikuliona.

"Mwenye mimba hapiti mkononi mwangu kwenda kwa simba. Nilijua tu hukumtazama. Wewe huwa unanikabidhi wanyama ukiwa umefumba macho, kama mtu anayechomwa sindano."

Akaniambia alimtenga siku ile ile. Mbuzi alizaa mwisho wa Aprili, pacha. Dume alikufa siku ya pili, jike yupo. Na wiki hiyo hiyo wachungaji wa upande wa Masalani walileta mtoto wa swala twiga, ambaye mama yake aligongwa na lori. Alikataa chupa siku nzima. Aketch akamweka kwa yule mbuzi aliyefiwa, akampaka majimaji ya mwanambuzi aliyekufa ili anuke kama wake, na usiku ule akanyonya.

Abaayo, sasa nikwambie aibu yangu. Banda walimo liko upande wa kushoto wa dirisha langu. Kwa wiki tatu nimekuwa nikiuzia watoto wa shule tiketi za kumwona swala anayenyonya mbuzi. Wanapiga kelele, walimu wanawanyamazisha, mimi nawaambia wapange foleni. Hata siku ile nilipokimbilia zizi la chakula na moyo mkononi, nilipita mbele yake.

Ni mweupe wote, sikio la kushoto limekatwa ncha. Mwanawe ana doa la kahawia kwenye goti. Swala amesimama katikati yao na shingo yake ndefu, ana masikio kama majani, anasukuma kiwele kuliko mtoto wa kumzaa. Nilipiga magoti pale uchafuni. Aketch akasema nikianza kulia nikalie upande wa mbuni.

Ndipo nikaenda kwa Bwana Mwiti, kabla miguu haijabadili nia. Nilimweleza yote: Ayeeyo, nguzo, kitovu. Huku nikieleza nikawa naona barua yangu ya ajira ikichanika. Mwishowe akasema, "Nilikuwa nikijiuliza ni mchuuzi gani wa Garissa anayeacha mbuzi asirudi kutafuta pesa yake." Akasema kwao Meru nako bibi yako akikufungia mbuzi mlangoni, hiyo si mali ya ofisi. Nimchukue.

Lakini akanitembeza mpaka bandani na kunionyesha yule swala. Akasema akikosa kiwele sasa atakufa, hilo nijue, kisha niamue na watu wa nyumbani. Hatanilazimisha.

Mimi siwezi kuamua. Mwanambuzi ni wako, hilo halina mjadala, na mtoto wako amshukuru Mungu kwamba abti wake amejua kazi yake. Ila mama yake yuko kati ya Ayeeyo na swala. Na Ayeeyo hajui lolote. Mlingoti nasikia umewaka, lakini siwezi kulisema hili kwenye sauti kubwa. Msomee barua hii. Msomee yote, hata pale nilipofumba macho.

Abti,
Abshir


Habaswein,
3 Juni 2025

Kwako Abshir,

Waalaikum salaam. Tumbo linakua, miguu imevimba, chai siitaki. Alhamdulillahi.

Nilimsomea jana baada ya alasiri, nikitafsiri mstari kwa mstari. Nilimwanzia na "yuko hai," ili asihangaike, lakini aliniambia nirudi mwanzo nisome kwa mpangilio. Kwa hiyo ikabidi nimsomee na barua zote za nyuma. Ndiyo, na ile ya soko la mifugo. Wewe ulisema yote.

Kwenye zizi tupu alisema, "Maskini," sijui wewe au mbuzi. Kwenye sikio la kukatwa katika soko alinyamaza kwa namna niliyokwambia atanyamaza, nami nikafikiri mambo yameharibika. Kisha nikafika kwa Aketch na ndoo zake. Aliniomba nirudie maneno ya Aketch mara tatu. Ya kufumba macho kama mtu anayechomwa sindano yalimchekesha mpaka akafuta machozi na ncha ya shuka.

Nikamuuliza kama amekukasirikia kwa kutomtambua mbuzi wako. Akasema, "Nani alimpeleka bweni akiwa na miaka saba? Ni mimi. Alikuja likizo, nikampa kitabu asome, nikamtuma mwingine machungani. Atamjulia wapi?"

Halafu akakaa wima, akatoa hukumu, na akanitaka niiandike bila kuongeza.

Mbuzi asiondolewe kwa swala. Mtu akija kwako na mtoto asiye na maziwa, humkopesha mbuzi wako mwenye maziwa, irmaan, na hukai ukimdai mpaka mtoto aweze kula. Ayeeyo amekopesha hivyo mara nyingi, na mwaka ule wa ukame tulipokuwa wadogo alikopeshwa yeye, ndipo mimi na wewe tukapona. Anasema mtoto wa mnyama ni mtoto, na huyu hana wa kumsemea. Ila irmaan ina mwenyewe. Mbuzi ni wa Abshir, uzao ni wa Abshir, na Bwana Mwiti aseme mbele ya watu kwamba amekopeshwa, hakupewa. Hataki karatasi. Anataka aseme.

Mwanambuzi jike atakuja nyumbani akiacha kunyonya.

Nilimuuliza ana salamu gani kwako. Akasema nikuulize siku ile ulikula mchana au hukula, maana ulikuwa mwembamba dirishani. Ndiyo salamu yenyewe.

Mulki


Garissa,
18 Septemba 2025

Kwako abaayo,

Assalamu alaikum, na hongera tena, ingawa nilishaisema kwenye simu pamoja na watu wengine wanane. Nilimsikia akilia. Ayeeyo alimsogeza karibu na simu mpaka sikio likaniuma, na sikutaka mtoto anyamaze. Nakuandikia kwa sababu kesho nitafika mwenyewe na barua hii mkononi, na nyumba itakuwa imejaa wanawake, sitapata nafasi ya kukwambia neno.

Hapa wote ni wazima. Ya kazi unayajua, barua ya kuthibitishwa niliipata Julai. Bwana Mwiti alisema yale maneno ya Ayeeyo mbele ya wafanyakazi wote, amevaa koti, na akayarudia kwa Kisomali alichofundishwa na mlinzi. Swala anakula majani ya mgunga tangu mwezi uliopita, anasimama kwa miguu ya nyuma kuyafikia, lakini jioni bado anamfuata mbuzi. Bwana Mwiti ameniuliza kama mbuzi anaweza kubaki mpaka mvua za vuli. Nikamwambia siwezi kujibu, nitauliza nyumbani.

Leo nilimwomba ruhusa ya siku nne. Sijawahi kumwomba kitu. Hata sikumaliza sentensi, akasema niende.

Mwanambuzi niko naye chumbani. Basi linaondoka alfajiri, na bustani hufunguliwa baadaye, ikabidi nimlete jioni hii. Amekula kona ya godoro na nusu ya kalenda. Mwenye nyumba, Mama Ayan, alisikia mlio akaja kugonga. Unajua sheria zake, hataki hata paka.

Akaniuliza huyu mbuzi ni wa nani. Nikamwambia ni wa mpwa wangu.

Akasema basi nimwite huyo mpwa hapo mlangoni, amweleze yeye mwenyewe sheria za nyumba hii.

"Yuko Habaswein," nikamwambia. "Na hata jina hana bado."

Alimtazama yule mbuzi, akanitazama na mimi. Kisha akaenda zake. Nilidhani amekwenda kuniandikia notisi. Amerudi sasa hivi na maji ya mbuzi kwenye sufuria yake ya wali.

Abti wake,
Abshir